Usingizi wa mtoto na kilo zake: maswali ambayo wazazi wa Lubumbashi huuliza mara kwa mara

Siku ya kupima watoto, akina mama hujipanga kwenye kituo cha afya tangu asubuhi, na maswali yao karibu yote ni ya chungu cha kupikia. Nimpe uji gani? Nimwongezee karanga? Ndakala (samaki wadogo wakavu) wanatosha au nitafute nyama? Miaka hii limeingia swali la upande mwingine, la mtoto aliyenenepa kupita kiasi. Linatoka mitaa ya Golf na Bel-Air, lakini nalisikia hata katika komuni za Katuba na Kenya, humu humu mjini. Nami hulijibu kwa swali: jana usiku alilala saa ngapi? Wengi hucheka wakidhani nimehama mada.

Sijahama. Haya ndiyo maswali yanayofuata baada ya kicheko hicho, pamoja na majibu ninayotoa. Saa nyingi nimeziandika kwa Kiswahili na kwa namna ya shule, ili pasiwe na ubishi nyumbani.

Usingizi unaingiaje kwenye habari ya kilo? Kinachonenepesha si chakula?

Ni chakula. Usingizi peke yake hauongezi hata gramu moja. Kazi yake ni kuamua mtoto ataamka na njaa ya namna gani, na atakuwa na nguvu kiasi gani za kuchezea kile alichokula.

Mwilini kuna wajumbe wawili. Wa kwanza ni leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994. Inatoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, punguza kula. Wa pili ni grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Inatoka tumboni na kuita chakula. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua vijana 12 wa kiume wenye afya. Waliwalaza kwa muda wa saa nne tu kwa usiku mbili, na wakati mwingine wakawalaza kwa muda wa saa kumi. Vijana walipolala kidogo, leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na wenyewe wakasema njaa imezidi. Walichotamani zaidi kilikuwa vitamu, vya chumvi na vya wanga. Kwetu hapa hiyo maana yake ni vitumbula, mkate na soda. Sijaona aliyekosa usingizi akaamka na hamu ya lengalenga (mchicha).

Hao walikuwa watu wazima, na ni usiku mbili tu. Tafiti zilizokuja baadaye hazikukubaliana zote kuhusu homoni hizo, kwa hiyo mtu akikuambia "ni leptini, basi" anarahisisha mno. Kwa watoto kuna njia nyingine ambazo utaziona bila maabara. Mtoto aliye macho saa nne usiku (22h) ana saa mbili za ziada za kuomba biskuti. Kesho yake amechoka, kwa hiyo kabumbu na nzango (mchezo wa wasichana wa kurukaruka) anaviangalia akiwa amekaa kizingitini. Mchana analialia, na ili anyamaze anapewa kitu kitamu. Fanya hivyo kila siku kwa miaka miwili, kisha mpandishe kwenye mzani.

Wazee husema mtoto hukua akiwa amelala. Ni kweli?

Ni kweli kuliko wengi wanavyodhani. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi wakati wa usingizi mzito, na usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa kulala. Mtoto anayeamshwa-amshwa usiku kucha hukatiwa usingizi huo vipande vipande.

Mtoto wangu anahitaji saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto wadogo mwaka 2019. Mtoto wa miezi 0 hadi 3 alale saa 14 hadi 17 kwa siku nzima, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 na 2 anahitaji saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13. Usingizi wa mchana umo ndani ya hesabu hiyo. Kwa wakubwa zaidi, madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2016 kwamba miaka 6 hadi 12 ni saa 9 hadi 12, na miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10.

Namba hizo ukizibandika ukutani hazisaidii kitu. Hesabu kwa kurudi nyuma. Mtoto wa miaka 8 wa Ruashi anayesoma mjini, shule ikianza saa moja na nusu asubuhi (7h30), anaamshwa saa kumi na moja alfajiri (5h) ili aoge, anywe chai na agombanie nafasi kwenye taksibisi. Ukitoa saa tisa, ambazo ni kiasi cha chini kabisa, unafika saa mbili usiku (20h). Hiyo ni saa ya kuwa amekwisha kulala. Kwenda kutafuta pijama kunaanza kabla yake.

Nikifanya hesabu hii mbele ya wazazi, chumba hunyamaza.

Wangu anasoma zamu ya mchana. Je, anaweza kuchelewa kulala?

Anaweza kidogo, kwa sharti kwamba asubuhi aachwe alale kweli. Mara nyingi anachelewa kama mkubwa, halafu saa kumi na mbili (6h) anaamshwa na kelele za wenzake wanaojiandaa, au anaitwa kufagia parseli (kiwanja cha nyumba). Huyo amepoteza usingizi pande zote mbili.

Mtoto wangu ni mnono na kila mtu ananisifu. Tatizo liko wapi?

Huenda hakuna tatizo. Huenda lipo. Macho ya jirani hayawezi kukuambia, na macho ya mama ndiyo kabisa.

Katika mji huu unene una heshima yake, na ninaelewa kwa nini. Nchi hii imeona njaa nyingi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 na 2018 ulikuta kwamba asilimia 42 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Mama aliyezika mtoto mwembamba hawezi kuogopa mtoto mnene, wala simlaumu.

Ila kudumaa na kunenepa vinaweza kukaa katika parseli moja, na hata katika mtoto mmoja: mfupi, mwenye tumbo na mashavu, aliyelelewa kwa bukari (ugali) nyingi, chai yenye sukari nyingi, na maharagwe ya nadra. Ndiyo maana tunapima kilo pamoja na urefu. Kwa walio chini ya miaka mitano, uzito hulinganishwa na urefu kwenye chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006. Kwa wa shule zipo chati za 2007, ambazo huangalia uzito na urefu kulingana na umri. Kituo chochote chenye mzani, ubao wa urefu na mtu anayejua kusoma chati kinaweza kukupa jibu la kweli. Mkienda, ombeni urefu nao upimwe, kwa sababu foleni ikiwa ndefu huo ndio wa kwanza kusahauliwa.

Kuna ushahidi wa watoto wenyewe, au ni maneno ya Ulaya?

Ushahidi mwingi unatoka Uingereza na Marekani, sitaficha. Watoto wa huko hawali bukari na hawaamki kuchota maji. Lakini mwili wa mtoto ni ule ule, kwa hiyo inafaa kusikia walichokuta.

Huko Avon, kusini-magharibi mwa Uingereza, watafiti walifuatilia maelfu ya watoto tangu mimba. Mwaka 2005 walitangaza kwamba waliolala chini ya saa 10 na nusu wakiwa na miaka mitatu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya unene uliokithiri walipofika miaka saba. Marekani, mwaka 2016, ilitoka kazi iliyoangalia saa ya kulala ya watoto wa miaka minne na nusu hivi, kisha ikawatazama tena wakiwa na miaka 15. Katika waliokuwa wakilazwa saa mbili usiku (20h) au kabla, mmoja katika kumi alikuwa na unene uliokithiri. Katika waliolazwa baada ya saa tatu (21h) walikuwa asilimia 23.

Mtu mwerevu atauliza kama si malezi tu: nyumba inayomlaza mtoto mapema huenda inamlisha vizuri pia. Swali zuri. Ndiyo maana mimi napenda zaidi utafiti mdogo wa mwaka 2013 uliofanywa Marekani kwa watoto 37 wa miaka 8 hadi 11. Watoto hao hao waliongezewa saa moja na nusu kitandani kwa wiki moja, na wiki nyingine wakapunguziwa kiasi hicho. Wiki ya kulala zaidi walikula pungufu kwa wastani wa kilokalori 134 kwa siku, bila mtu kuwakataza kitu. Hiyo ni karibu chupa ndogo ya soda kila siku. Nyumba ile ile, mama yule yule, sufuria ile ile.

Kwetu umeme unarudi saa tano usiku na maji yanatoka saa tisa. Mtoto atalalaje?

Hili ndilo swali la Lubumbashi lenyewe, na hakuna kitabu cha Ulaya kinacholijibu.

Kwanza umeme. Ukikatika jioni ni zawadi kwa usingizi, ingawa hakuna anayeipokea hivyo. Giza, hakuna tele, mtoto anasinzia mwenyewe. Shida ni unaporudi. Balbu iliyosahaulika inawaka juu ya uso wa mtoto, redio inapiga kelele, mtaa mzima unashangilia. Kwangu tele iliwahi kuwaka yenyewe usiku wa manane kwa sauti ya juu kabisa, na watoto wote wakakaa kuangalia matangazo ya sabuni. Tangu siku hiyo kabla ya kulala ninazunguka nikizima kila kitu na kuchomoa tele ukutani, hata kama umeme haupo. Ni kazi ya dakika mbili.

Kisha kuna kazi zinazosubiri umeme: kupiga pasi, kusaga, kuchaji simu. Zifanywe na mkubwa mmoja na mlango ukiwa umefungwa. Pasi ya makala (mkaa) bado inafanya kazi yake vizuri saa kumi jioni.

Maji ni magumu zaidi. Najua parseli ambazo bomba hutoa maji kati ya saa tisa na saa kumi na moja usiku (3h hadi 5h), na anayeamshwa ni binti yule yule kila siku kwa sababu ni mwepesi kuamka. Kama hakuna njia nyingine, gawaneni zamu, na wakubwa wawe ndani ya zamu hizo. Aliyechota usiku alale baada ya shule. Nikiona binti wa miaka 11 anaongezeka kilo na anasinzia darasani, siku hizi huanza kwa kuuliza nani anachota maji.

Tunakula saa tatu usiku kwa sababu tunamsubiri baba. Ni vibaya?

Kuna kubishana bado kama chakula cha usiku chenyewe kinanenepesha watoto kuliko kile kile kikiliwa mapema. Ila kusubiri kunafanya mambo mawili ambayo hayabishaniwi. Kunasukuma saa ya kulala mbele, na kunawafanya watoto kula vitumbula na biskuti kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo bukari inakuja juu ya tumbo ambalo limeshakula.

Akina mama huniambia mambo mawili: heshima ya baba, na bei ya makala. La makala ni la kweli, kwa sababu kuwasha mbabula (jiko la mkaa) mara mbili ni gharama. Songeni bukari mara moja, mapema. Watoto wale saa kumi na mbili na nusu (18h30), fungu la baba liwekwe kwenye chombo cha kutunza moto au lifungwe kwa kitambaa kizito, na mboga ipashwe juu ya makaa yaliyobaki. Kuhusu heshima, nimezungumza na akina baba wengi kuliko mnavyofikiri, na sijakutana na hata mmoja aliyesema anataka mtoto wa miaka minne amsubiri hadi asinzie juu ya sahani. Muulizeni.

Chakula chenyewe kiwe cha kutosha. Mtoto aliyelala na njaa ataamka usiku. Bukari kiasi, sombe (majani ya muhogo) au lengalenga, ndakala au maharagwe. Chai ya majani na soda za kola ziachwe jioni kwa sababu zina kafeini, na ile sukari haimsaidii mtu yeyote. Munkoyo (kinywaji cha mahindi) usiotiwa sukari nyingi una nafuu, mchana.

Simu na tele zina ubaya gani ikiwa mtoto ametulia?

Ametulia, lakini ubongo umeamka. Mwanga wa kioo huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umefika, na macho ya mtoto hupitisha mwanga huo zaidi ya macho yetu. Tena anayeangalia tele hula bila kuhesabu.

Mwongozo ule wa 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa wakubwa mimi ninaomba kitu kimoja: simu zote zilale chumba cha wazazi, saa moja kabla ya watoto. Mechi ya Mazembe ni jambo lingine. Siku ya mechi kubwa mwacheni mtoto aone, atakumbuka maisha yake yote. Mechi kubwa haziko kila wiki.

Watoto watano wanalala chumba kimoja. Saa za kila mmoja nitazipangaje?

Huwezi, na si lazima. Chagua saa ya mtoto wa katikati, wote waingie ndani, taa izimwe. Mkubwa akitaka kusoma asome sebuleni. Tofauti itajitokeza asubuhi, kwa sababu mdogo asiyeenda shule ataendelea kulala. Kinachoharibu zaidi ni mlango kufunguliwa-funguliwa na chandarua kinachoacha pengo. Mbu mmoja ndani ya chandarua anaamsha watoto watatu, na malaria itakayofuata itaondoa kilo kwa namna ambayo hakuna anayeitaka.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Tunaingiza mbabula chumbani ili watoto walale vizuri. Kuna shida?

Iko shida kubwa, na hii haihusu kilo tena. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na anayeivuta hulala usingizi ambao haamki. Usiingize mbabula chumbani, hata kama makaa yanaonekana yamekufa, hata kwa nusu saa. Soksi, sweta, kofia ya pamba kwa wanaopita mwaka, mablanketi mawili, na watoto walale karibu karibu. Kwa kichanga, mvalishe nguo za kutosha, kichwa kikiwa wazi na mablanketi mazito yakiwa mbali na uso.

Nimeuziwa dawa ya kumpa mtoto hamu ya kula. Analala sana na ananenepa. Niendelee?

Usiamue peke yako, njoo na boksi lake.

Nyingi za dawa hizo zina siprohepitadini. Ni dawa ya mzio ambayo huleta usingizi na kuongeza hamu ya kula, na ndiyo sababu mtoto wako "amelala vizuri na amenenepa" kwa pamoja. Usingizi huo si ule tuliokuwa tukiuzungumzia. Ni kulewa dawa, na shuleni atasinzia. Nyingine zina deksamethazoni, ambayo hujaza uso maji na mafuta, hupandisha sukari ya damu, na ikitumiwa kwa muda mrefu huzuia mtoto kurefuka. Anayetumia hiyo usimkatize ghafla bila munganga (daktari), kwa sababu mwili wake huenda umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Ndiyo maana nasema njoo na boksi leo, si wiki ijayo.

Kuna pia sirapu za kikohozi zenye promethazini ambazo watu hupewa ili mtoto anyamaze usiku. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili inaweza kuzuia pumzi, naye hatakiwi kupewa kabisa.

Mtoto asiyekula ana sababu. Mara nyingi ni minyoo, malaria, vidonda vya mdomo, au sukari aliyopewa kabla ya chakula. Dawa ya kunenepesha huificha sababu hiyo chini ya mashavu.

Anakoroma kama mzee. Ni dalili ya usingizi mtamu?

Hapana. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayesimamisha pumzi kisha akashtuka, hapati usingizi kamili hata akilala kwa muda wa saa kumi na mbili. Sababu ya kawaida ni tezi za kooni na nyuma ya pua zilizovimba. Unene nao huchangia, maana mafuta ya shingoni hubana njia ya hewa. Hapo mambo huzunguka: unene unaharibu usingizi, usingizi mbaya unaongeza hamu na uvivu, kilo zinapanda tena. Mrekodi kwa simu usiku, dakika mbili tu zinatosha, na umpeleke kwa munganga wa masikio, pua na koo. Mwenye ugonjwa wa seli mundu anayekoroma asisubiri.

Wangu ni mwembamba sana. Nikimlaza zaidi atanenepa?

Usingizi wa kutosha utamsaidia kukua, lakini tafuteni kwanza kinachomkondesha. Mtoto aliye kati ya miezi 6 na miezi 59, mkanda wa kupima mzunguko wa mkono ukionyesha chini ya sentimita 12.5, anahitaji huduma ya lishe. Chini ya 11.5 ni hatari, aende siku hiyo hiyo. Upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma unaweza kumfanya arushe miguu usiku na asitulie. Minyoo midogo humwasha njia ya haja kubwa usiku, na mama hudhani anaota.

Kulala mchana kunanenepesha?

Hakunenepeshi. Kwa wa chini ya miaka mitano ni sehemu ya haki yake. Usivuke saa tisa na nusu alasiri (15h30), la sivyo usiku atakufanya ukeshe naye.

Kijana wangu ana miaka 15, halali kabla ya saa tano. Ni ukaidi?

Nusu yake ni ukaidi, nusu ni mwili. Wakati wa balehe saa ya ndani husogea mbele, na melatonini huchelewa kutoka. Kumlazimisha saa mbili usiku ni vita ambayo utashindwa. Saa nne (22h) inawezekana, simu ikiwa nje ya chumba. Asubuhi apate mwanga wa jua mapema, kwa sababu ndio unaorudisha saa hiyo nyuma. Asiondoke nyumbani bila kula, maana kijana anayeruka chakula cha asubuhi hununua mikate na soda saa nne.

Na mkesha wa kanisa kila Ijumaa?

Mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, kwa hiyo nisieleweke vibaya. Mkubwa akeshe. Mtoto wa miaka mitatu aliyelala sakafuni chini ya spika hajakesha wala hajalala. Achwe kwa bibi.

Nimpunguzie chakula ili kilo zishuke?

Usimpunguzie bila munganga. Mtoto bado anarefuka, na mara nyingi lengo ni kilo zisimame mahali pamoja huku urefu ukizifuata. Ondoa soda na sukari ya chai, ongeza mboga, na mwache akimbie: Shirika la Afya Duniani linaomba wastani wa angalau dakika 60 kwa siku kwa walio na miaka 5 hadi 17. Mtoto aliyelazwa na njaa kama adhabu hukesha akiwazia chakula, na kesho hula mara mbili. Msimwite jina la unene mbele ya wenzake pia, hata kwa utani wa shangazi.

Kichanga changu anaamka kunyonya mara tatu usiku. Nimtilie uji kwenye biberoni alale hadi asubuhi?

Hapana. Hadi miezi sita ni ziwa tu, na kunyonya usiku ni kawaida yake. Uji kwenye chupa unaweza kumpalia, na haumfanyi alale zaidi.

Tuanze wapi?

Anzeni na saa ya kuamka, kwa sababu hiyo mnaitawala. Iwe moja kila siku, na Jumamosi na Jumapili isizidi kwa zaidi ya saa moja. Kisha sogezeni saa ya kulala nyuma kwa dakika 15, mkae hapo siku tatu, na msogeze tena. Mtoto aliyezoea saa nne usiku ukimlaza ghafla saa mbili atakaa gizani akiimba, na siku ya tatu mtakata tamaa. Mpangilio uwe ule ule kila jioni: chakula, kuoga, meno, chandarua, hadithi fupi. Aliyeshika hadithi awe mtu mmoja, bibi au baba, maana watoto wakipata wasimuliaji wawili huomba hadithi mbili.

Msimpime kila Jumapili. Mzani hautaonyesha kitu kwa wiki nyingi, na mtoto ataanza kuuogopa. Kitakachobadilika kwanza ni asubuhi: ataamka kabla hamjamtikisa, na hataomba sukari ya tatu kwenye chai. Mleteni baada ya miezi mitatu, tupime kilo na urefu siku moja.